Mabango Juu ya Mto

Jumanne, 3 Septemba

Daftari langu, unisamehe. Tangu nijifungue Lukasi sijakushika. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nina mikono miwili tu, na yote ilikuwa na kazi.

Leo kama jana. Nimewasha mkaa, nimekaanga vitumbua, Lukasi mgongoni. Kabula nimemvalisha sare, ameenda shule. Vitumbua vimeisha. Nepi. Maji. Kunyonyesha. Baba yao bado yuko visiwani anatengeneza injini za mitumbwi. Alipiga simu, mtandao ukakata kabla hajamaliza salamu.

Kabula amerudi sketi imelowa mpaka kiunoni. Ameteleza mtoni. Ni kiangazi, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu tu, lakini mawe yana utelezi. Magogo tuliyokuwa tunavukia yalisombwa na mvua za masika. Shule iko ng'ambo. Njia nyingine ni kuzunguka mpaka daraja kubwa la barabara, mtoto wa darasa la pili katikati ya malori. Madaftari yake nimeyaanika, kurasa zimevimba kama maandazi. Hakulia. Aliniambia tu kwamba mvua zikija ataogelea.

Hajui kuogelea. Na mvua zinakuja mwezi ujao.

Ijumaa, 6 Septemba

Mkutano wa mtaa. Nimekaa chini na Lukasi, nikimpepea. Mtendaji wetu, na kofia yake asiyoivua, alisoma taarifa ya miradi. Choo cha shule, kimekamilika. Taa za barabarani, zinaendelea. Daraja la waenda kwa miguu, limekamilika.

Limekamilika! Nilidhani nimesinzia nikaota.

Mama Doto, jirani yangu mwenye mapacha, alicheka mpaka watu wakageuka. Akauliza hilo daraja ni la kuonekana kwa macho au ni la imani. Mtendaji akasema maswali mwisho. Mwisho haukuwa na maswali, ulikuwa na tangazo. Ijumaa ya tarehe ishirini anakuja mgeni mkubwa kuzindua barabara, atapita kwetu, tujitokeze kwa wingi na tuvae vizuri.

Wanawake tukaangaliana. Kila mtu anajua habari ya mgeni mkubwa na bango. Akiliona husimamisha gari. Hulisoma kwenye kipaza sauti, kisha humwita mhusika palepale juani ajieleze. Nimewahi kuona mtu mzima na tai yake akitetemeka kwa sababu ya karatasi ya manila iliyoshikwa na bibi mmoja. Barua zetu zinapotea kwenye madroo. Bango halipotei kama kuna mtu amelishika.

Limekamilika. Nimekuwa nikilitamka hili neno tangu niliporudi.

Jumapili, 8 Septemba

Tumekutana barazani kwa Bi Zaituni, mshonaji wa mito ya makochi. Ni mtu mzima, wote tunamwamkia shikamoo, ila ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Wamesema niandike mimi. Mwandiko wangu wanaufahamu, mabango ya kwaya kanisani ni yangu. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tuyaache, lakini mkono Mungu alinipa.

Manila ni ghali na ikilowa inakufa. Nina viroba vitupu vya unga. Nimevipasua ubavuni vikawa vipana kama shuka. Rangi tumenunua Mabatini, nyeusi na nyekundu, kila mtu alitoa alichonacho. Nimepiga mistari kwa penseli kwanza. Herufi kubwa, zimesimama wima. TUNAOMBA DARAJA KWA AJILI YA WATOTO WETU. Niliporudi nyuma kuliangalia moja likiwa limekauka, nilisahau uchovu. Lilikuwa zuri.

Jumatano, 11 Septemba

Naandika mabango Lukasi akilala, naacha akilia. Kila mmoja analeta maneno yake, mimi nayanyoosha. Bi Zaituni alitaka: MTOTO WA MTENDAJI ANAVUKIA WAPI? Nikamwambia Bi, hiyo kali, watatunyang'anya. Nikamwandikia: TUNAMWOMBA MHESHIMIWA AUANGALIE MTO WETU. Alinitazama muda mrefu. Akasema sawa mwanangu, wewe ndiye msomi.

Mama Doto hajui kusoma. Aliniambia niandike chochote, yeye atashika tu.

Ijumaa, 13 Septemba

Wamekuja mgambo wawili. Wamesema mabango yote yanapelekwa ofisini kukaguliwa, ni utaratibu. Utaratibu gani? Wamevikunja viroba vyangu vyote wakaondoka navyo. Baadaye nikaitwa.

Nimeenda na mtoto mgongoni. Mtendaji alikuwa amevitandaza sakafuni chumba kizima. Hakufoka. Laiti angefoka. Alitembea katikati ya viroba taratibu, akaonyesha herufi A hapa, A pale, A kule. Zote zangu.

Akasema, "Mama Kabula, mimi hapa naona mwananchi mmoja tu mwenye viroba vingi."

Akauliza nimetumwa na nani. Nikasema na mto. Akatabasamu, akaandika kitu. Akaniambia nina watoto wadogo, nijitafakari. Mabango yamebaki kwake.

Nimerudi na hasira ya kutafuna mawe. Kumchukia yeye ni rahisi. Kinachoniuma ni kwamba alichokisema kuhusu viroba kilikuwa kweli. Nilichukua midomo ya watu wote nikaifunga kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimewaeleza wenzangu. Nilitegemea wataogopa. Bi Zaituni aliendelea kutia uzi kwenye sindano, akasema, "Ulituandikia kama barua ya kuomba kazi, mwanangu. Mimi siombi kazi. Mimi nadai daraja."

Basi leo kila mtu kaandika lake. Mimi nimezuiwa kushika brashi ya mtu mwingine. Nimekaa na mikono yangu mapajani, inawasha. Herufi zimepinda, nyingine zimelala, maneno yameishia pembeni ya kiroba yakashuka chini kama siafu. Bi Zaituni hakutumia rangi. Amekata vipande vya vitenge akazishona herufi moja moja. Na ameshona lile lile swali lake, mtoto wa mtendaji anavukia wapi.

Mama Doto amechora. Hakuna aliyejua kwamba anachora. Amechukua masizi ya sufuria na mafuta kidogo, akamchora mtu mnene amekaa na soda mkononi. Alichokalia ni daraja. Uso hana, lakini ana ile kofia. Tulicheka mpaka Lukasi akaamka. Kabula akasema, huyu ni mtendaji. Hata mtoto kasoma, na kiroba hakina hata herufi moja.

Ijumaa, 20 Septemba

Hakusimama.

Niandike nisije nikasahau. Tulifika asubuhi, tukasimama kando ya barabara. Wakaletwa watoto wa shule na vibendera, wakapangwa mbele yetu. Tukanyanyua viroba juu zaidi. Likaletwa gari la muziki, likaegeshwa mbele ya watoto. Tukahama. Mgambo wakahama na sisi. Kiroba cha Mama Doto kikavutwa, kikachanika upande. Hakukiachia. Kikakazika katikati yao kama ngozi ya ngoma.

Magari yalipita kwa kasi, vioo vyeusi vimepandishwa. Tukabaki na vumbi. Muziki bado ukipiga.

Nilisimama juani na mtoto mchanga kuanzia asubuhi kwa ajili ya vumbi. Sijui nani alipanga lile gari la muziki lisimame pale. Yeyote aliyelipanga aliyaona mabango yetu, akayasoma, akaelewa, ndipo akalipanga. Nataka asilale huyo mtu.

Kabula ameuliza kama mgeni ametuona. Nikamwambia sijui. Sikutaka kumdanganya.

Jumamosi, 21 Septemba

Viroba vilikuwa vichafu kwa vumbi. Mama Doto akavifua mtoni. Rangi ya mafuta haitoki. Masizi yake yalififia kidogo tu. Akatafuta pa kuvianika, akafunga kamba kwenye mti wa upande wetu, akavuka nayo mawe kwa mawe, akaifunga kwenye mti wa upande wa shule. Pale pale yalipokuwa magogo. Akaanika.

Nilikuja na ndoo nikakuta mabango yote yamening'inia juu ya maji, ukingo kwa ukingo. Kiroba cha yule mtu mnene kiko katikati. Upepo wa ziwa ukivuma vinajaa kama tanga.

Daraja kubwa la barabara liko chini kidogo ya hapo. Bodaboda wakaanza kusimama. Wakaegemea ukuta, wakasoma, wakacheka, wakapiga picha. Mwenye mkokoteni wa ndizi akauliza kuna sherehe gani.

Mama Doto alitaka kuvianua jioni. Tukasema viache.

Alhamisi, 26 Septemba

Kamba haitoshi. Watu wanaleta vya kwao na hatuwajui. Shuka la bluu limeandikwa na wanafunzi wa sekondari. Kipande cha tairi kimechongwa kwa kisu: DEREVA NAJUA BARABARA SIJUI KUOGELEA. Gunia la dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, linanuka, linadai choo cha soko. Hilo siyo la mto wetu, lakini tumelipa nafasi. Jioni watu wanatembea kwenye ukingo kusoma kama vile wanasoma magazeti. Wengine wanabishana. Sijawahi kuona mtaa wetu unabishana bila pombe.

Leo asubuhi tumekuta moja la matusi. Limemtukana mama yake mtendaji. Kubwa, na mwandiko mzuri. Nikataka kulitoa. Mama Doto akasema tukianza kutoa la mtu, na sisi tumekuwa ofisi. Bi Zaituni akasema mama wa watu hana kosa, alizaa tu. Tumebishana mpaka maharage yangu yakaungua. Mwisho hatukulitoa. Nimeandika langu nikalining'iniza kando yake: MAMA YAKE MWACHENI. TUNADAI DARAJA. Nimeliandika bila penseli.

Mchana la matusi halikuwepo. Aliyelileta amelichukua mwenyewe.

Jumanne, 1 Oktoba

Wamekata kamba alfajiri. Mabango yote yameangukia majini. Mengine yamenasa kwenye mawe, mengine yameenda na mto ziwani. Nimeokota la kwangu na la tairi. Kiroba cha Mama Doto hakipo.

Mgambo mmoja alikuwa bado amekaa ukingoni, kijana tu, anakula kitumbua. Kitumbua changu. Nilimwuzia mwenyewe jana. Nikamwuliza mama yake anavukia wapi. Akaangalia chini. Akasema shemeji, mimi nimetumwa. Kila mtu katika mji huu katumwa.

Leo sikupika. Nimekaa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imenyesha milimani wakati watoto wako shuleni. Mto umeshuka mwekundu, na kelele.

Nilimwacha Lukasi kwa Bi Zaituni nikakimbia. Mama Doto alikuwa mbele yangu. Watoto walikuwa ng'ambo wamesimama na mikoba kichwani. Tuliwapigia kelele wasivuke. Maji yalikuwa yanapiga kelele kutuzidi. Doto akaingia. Pacha wake Kulwa alimshika mkoba, mkoba ukabaki mkononi mwake.

Sijui niandike vipi. Kichwa chake kilionekana, kikapotea, kikaonekana. Mama yake aliingia majini, nikamshika nguo, nikaanguka naye. Vijana wanaoosha magari chini ya daraja kubwa walimuona. Wakashikana mikono mstari mzima, wakamkamata kwenye kona. Yuko hai. Mkono umevunjika. Alitapika matope akauliza mkoba uko wapi.

Kabula wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Nimemwogesha leo kama mtoto mchanga. Amekataa mwanzoni, amesema yeye ni mkubwa. Nikamwambia nyamaza. Akanyamaza.

Mimi siandiki kuomba tena. Neno TUNAOMBA sitaliandika maisha yangu yote.

Jumatatu, 7 Oktoba

Gari la ofisi limefika na mafundi na saruji. Tukatoka majumbani. Mama Doto akakimbia na kanga moja, mkono bado na unga. Wakachimba mashimo mawili ukingoni. Wakashusha nguzo mbili za chuma. Tukaanza kushukuru. Mimi nilishukuru, kwa sauti, nakiri.

Kisha wakashusha bamba la bati lililopakwa rangi nyeupe, wakalifunga kwenye nguzo. HATARI. MAJI MENGI. USIVUKE.

Wakapanda gari.

Tumedai daraja, tumepewa bango.

Mtendaji alikuwepo na mwavuli. Alisema kilio chetu kimesikika, usalama wa watoto ni kipaumbele. Mama Doto alilizunguka lile bati polepole. Mbele limeandikwa vizuri, kwa ruhusa zote. Nyuma hakuna kitu. Jeupe tupu, na nyuma ndiko kunakotazama barabara kubwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mama Doto amechora nyuma ya bati mchana kweupe, watu wakimwona. Masizi na mafuta. Amemchora Doto, ukubwa wa mtoto mwenyewe, mkono umefungwa. Macho ameyafanya makubwa. Miguu hakuichora, amepaka maji tu mpaka magotini. Hakuna anayecheka safari hii. Bodaboda wanasimama na hawapigi honi.

Halafu wengine wakaanza. Pembeni ya Doto kila mzazi ameweka kiganja chake cha masizi, na jina la mtoto anayevuka. Wasiojua kuandika wameweka kiganja tu, Kulwa akawaandikia jina. Mimi nimeweka changu na cha Kabula ndani yake. Bi Zaituni hana mtoto anayevuka. Ameweka chake akasema hicho ni akiba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeitwa tena. Si ofisini. Mtendaji kalifuata bati mwenyewe, akanikuta pale. Picha imezunguka kwenye simu mpaka imemrudia kutoka kwa wakubwa wake, nadhani, maana alikuwa hana mwavuli na hakujali mvua. Aliuliza nani ameharibu mali ya serikali. Alinitazama mimi.

Nikamwambia, "Tarehe kumi na tatu uliona mwananchi mmoja. Haya, hesabu."

Alisimama mbele ya vile viganja. Vidogo, vikubwa, kimoja hakina kidole gumba, cha fundi seremala. Nilidhani atasema neno la kisomi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba daraja liliandikwa limekamilika kabla yeye hajahamia huku, na yeye alisoma tu alichokikuta. Pengine ni kweli. Sikumhurumia. Angeweza kutembea hatua chache tu akaangalia kabla ya kusoma.

Akauliza kama tunaweza kulifuta kabla ya Jumatatu, maana wanakuja watu wa juu. Nikasema rangi ni ya wengi, aombe mmoja mmoja. Hakuomba.

Jumanne, 15 Oktoba

Watu wa juu walifika jana. Walisimama. Hawakuwa na kipaza sauti wala muziki. Mama mmoja mwenye buti alisoma kila jina, akimwuliza Mama Doto huyu ni wa nani, huyu ni wa nani. Akaomba taarifa ile ya miradi. Akaisoma akiwa anautazama mto. Akamrudishia mtendaji, na mtendaji akaipokea kwa mikono miwili.

Leo wamekuja kupima kwa kamba. Mimi siamini kamba. Nitaamini chuma.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua imenyamaza tangu jana, na mawe ya kuvukia yameanza kuonekana. Vyuma viwili vimelala juu ya mto, kutoka upande hadi upande. Mbao wamesema wiki hii. Reli za kushikia, baadaye. Hawajasema lini. Bati tumekataa liondolewe mpaka reli ziwekwe, na hakuna aliyekuja kulitoa.

Lukasi ana jino. Doto anachora kwa mkono wa kushoto. Mama yake amempa mkaa na ukuta wao wote wa nyuma.

Baba yao amepiga simu, safari hii mtandao ukakaa. Aliziona picha huko visiwani, majina hayakusomeka, hakujua kiganja kipi ni changu. Nikamwambia. Akauliza atume nini kwa boti ya leo jioni. Vingine alishatuma. Vilivyobaki nimemwandikia kwenye ujumbe, nanakili hapa:

Rangi ya mitumbwi, kopo moja jeusi. Iliyobaki kwa mtu inatosha.

Kamba ya nailoni, ile nene ya kuvutia mtumbwi, mita thelathini. Mbao zikichelewa tutaanika tena.

Dagaa wa Lukasi wa kusaga, waliokaushwa kwenye chanja, siyo mchangani.

Kitambaa cha kufungia mkono wa Doto.

Buti za mvua za Kabula, namba ishirini na tisa. Usinunue kubwa za kukulia. Anavuka kesho.